Goma: waifai ikizunguka nyumbani, kila kizuizi kina mwaka wake

Jioni inapoingia, malalamiko katika parseli nyingi za Goma huwa yale yale, tokea Himbi mpaka Majengo na Ndosho: koneksio inazunguka. Picha ya mtoto aliyebaki Masisi haifunguki. Sauti iliyotumwa kutoka Bukavu inasimama katikati. Ujumbe wa pesa kwa simu unachelewa, na mwenye duka anangoja na unga mkononi. Lawama huiangukia ruta, ile sanduku ndogo yenye taa inayogawa waifai, na mwenye nyumba anaanza kuhesabu dola za kununua nyingine.

Ruta, hata hivyo, ni sehemu ndogo tu ya safari. Kati ya simu iliyo mkononi na mashine za ng'ambo kuna ukuta wa nyumba, kuna majirani, kuna umeme, kuna waya unaovuka mipaka, na pengine kuna amri ya wenye mamlaka. Vyote hivyo viliingia katika maisha ya mji huu kwa nyakati tofauti, na kila kimoja kina namna yake ya kuichelewesha rezo. Anayeijua historia hiyo hutambua mapema pa kutafuta kosa, na hatupi pesa bure. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, na familia mbili tatu zikiwa zinalala chini ya paa moja, pesa hiyo ni chakula cha watoto.

Enzi ya foni

Wazee wa mji wanaikumbuka foni, ile redio ya kusema na kujibiwa iliyokuwa misheni, kwa wafanyabiashara na kwa makampuni ya ndege ndogo. Simu za waya za serikali ya Zaire zilikuwa zimechakaa. Aliyetaka habari za ndugu yake Walikale au Bunia alikwenda kwenye foni, akangoja zamu, akasema maneno yake huku watu wote waliopo wanasikia. Kanuni ilikuwa moja: mmoja akisema, wengine wananyamaza. Wawili wakisema pamoja, hakuna anayesikika, na kila mmoja anarudia upya.

Simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuingia nchini. Telecel, kampuni iliyoanzishwa na Miko Rwayitare mjini Kinshasa katika miaka ya 1980, ilikuwa miongoni mwa za kwanza Afrika nzima. Lakini simu hizo zilikuwa za wakubwa na matajiri. Mnamo Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja walipovuka kutoka Rwanda kwa siku chache, waandishi wa habari na mashirika ya Umoja wa Mataifa walifika Goma na simu za setilaiti. Kutoka mji huu mtu akaweza kuzungumza na Ulaya, ilhali mkaaji wa kawaida bado alikuwa anapanga mstari kwenye foni.

Mabadiliko yalikuja wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, nchi ikiwa imegawanyika na Goma ikiwa makao makuu ya waasi wa RCD. Celtel ilianza kazi nchini mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002, na Kivu ikahudumiwa pia na Supercell. Karibu na mpaka, simu zilishika pia antena za Gisenyi, na watu wakazoea kutembea na laini mbili, moja ya hapa na moja ya ng'ambo.

Kipindi hicho kimeacha alama. Ruta nyingi za nyumbani Goma hazina waya unaotoka barabarani. Zina kadi ya simu ndani yake. Ruta ya namna hiyo ni simu tu isiyo na kioo. Inatafuta antena kama simu inavyotafuta, na ikifichwa nyuma ya kabati, itaipata kwa shida. Kuisogeza dirishani, upande ambao simu huonyesha alama nyingi zaidi za rezo, ni dawa isiyogharimu hata franka moja. Aliye karibu na mpaka atazame pia jina la rezo iliyoshikwa, maana antena yenye nguvu pale huweza kuwa si ya kampuni aliyoilipa.

Lava na ukuta

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Watu wanaokadiriwa kufika 400 000 walikimbia, wengi wao wakivuka kwenda Gisenyi. Waliporudi, walijenga upya juu ya lava iliyopoa, na lava yenyewe ikawa mali ya ujenzi: mawe meusi ya msingi, ya ukuta na ya uzio. Asiye na uwezo wa mawe alijenga kwa mbao na mabati.

Ujenzi huo ndio unaoamua leo waifai ifike wapi. Mawimbi ya waifai hupita kwenye mbao bila taabu kubwa. Kwenye ukuta mnene wa mawe hudhoofika. Kwenye bati na mlango wa chuma hurudishwa nyuma kama mwanga kwenye kioo. Maji nayo huyanyonya mawimbi, na Goma ni mji wa bidoni: ruta iliyowekwa nyuma ya bidoni kumi za maji zilizopangwa pembeni ya sebule inasemea ndani ya mtungi. Nyumba ya mbao ya Kyeshero inaweza kupata waifai safi kila chumba kwa ruta ya bei ndogo, na nyumba kubwa ya mawe ya Himbi ikakosa katika chumba cha nyuma kwa ruta ya bei kubwa.

Namna ya kujua ni rahisi. Mtu asimame na simu hatua mbili kutoka kwenye ruta, afungue kitu kilekile ambacho kilikataa chumbani. Kikifunguka haraka pale na kusumbua chumbani, kosa ni la ukuta. Dawa ni kuitoa ruta sakafuni, kuiweka juu, katikati ya nyumba, mbali na mabati, friji na maji. Kikisumbua hata pale karibu, ukuta hauna hatia, na upelelezi uendelee nje.

Kutoka setilaiti hadi waya wa bahari

Baada ya vita Goma ilipata nyumba za intaneti za kulipia kwa saa, zilizoitwa siberi, nyingi zikiwa na sahani kubwa juu ya paa. Setilaiti zilizotumika zamani hizo huzunguka karibu kilomita 36 000 juu ya dunia. Ombi hupanda kilomita 36 000 na kushuka nyingine kama hizo, na jibu hurudi njia ileile. Jumla ni zaidi ya kilomita 140 000, karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga. Waliokaa katika siberi wanakumbuka kubonyeza na kungoja.

Hapo pana somo linalosaidia hadi leo, maana kuna upole wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kuchelewa kuitika: ukurasa unangoja, kisha unafunguka wote kwa mara moja. Huo ni wa umbali au wa foleni ndefu njiani. Wa pili ni wa bomba jembamba: picha inashuka mstari baada ya mstari, kama maji ya robine siku ya upungufu. Huo ni wa kifurushi kidogo au wa watu wengi kwenye bomba moja. Kuongeza kifurushi hutibu aina ya pili tu. Anayenunua mega zaidi kwa ugonjwa wa aina ya kwanza atakuwa amelipa bure.

Nyaya za bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, SEACOM na TEAMS zikitua Mombasa. Kwa upande wa Kongo, waya wa WACS uliotua Muanda, kwenye Bahari ya Atlantiki, uliiunganisha nchi mwaka 2013. Ramani inaonyesha shida ya Goma. Kwenda Kinshasa kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 1500 za misitu na mito. Kwenda Mombasa ni karibu 1200, na njiani kuna barabara za lami za Rwanda, Uganda na Kenya, ambazo nyaya huzifuata. Basi kwa intaneti, kama kwa mafuta na sukari, Goma imeelekea mashariki. Ng'ambo waya ukikatwa na mashine za kutengeneza barabara, mtu wa Katindo anaona ukurasa unazunguka na kuilaumu ruta yake.

Volkeno yenyewe haikusahau. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena, lava ikasimama Buhene, karibu kabisa na mji. Nguzo za umeme ziliungua na barabara ya Rutshuru ilikatika. Tarehe 27 Mei mkuu wa jimbo aliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji zihame, na watu wakaenda Sake, Minova, Bukavu, Rutshuru na Rwanda. Katika Sake ile iliyofurika watu kwa usiku mmoja, antena zilizojengewa mji mdogo zilitakiwa kubeba umati wa mji mkubwa. Jambo hilo hurudi kila vita inaposukuma watu: antena hugawa nguvu yake kwa simu zote zilizo chini yake, na watu wakiongezeka mara tatu, fungu la kila mmoja linapungua hata kama hakuna kilichoharibika.

Hewa ya wote

Waifai yenyewe ina historia fupi. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu mawimbi fulani ya redio yatumiwe bila leseni, yakiwemo ya gigahezi 2.4, ambayo yalikuwa yameachiwa vyombo kama jiko la mikrowevu. Mwaka 1997 wahandisi walikubaliana kanuni ya kwanza ya kuunganisha kompyuta kwa mawimbi hayo, mwendo wake ukiwa megabiti 2 kwa sekunde. Jina la waifai lilikuja mwaka 1999.

Kwa kuwa hewa hiyo haina leseni, haina mwenyewe. Na kanuni yake ni ileile ya foni: mmoja akisema, wengine wananyamaza. Simu kumi zilizounganishwa kwenye ruta moja hazisemi pamoja; zinapokezana zamu kwa haraka sana. Simu ya zamani, au iliyo mbali nyuma ya ukuta, husema polepole, na zamu yake ndefu inawachelewesha wote. Ruta ya jirani nayo, ikiwa kwenye chaneli ileile, imo katika mstari uleule, ingawa ina kode yake na imelipiwa pesa yake.

Katika gigahezi 2.4 chaneli zisizogusana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Birere na Virunga, ambako nyumba zinabanana, ruta ishirini zinaweza kuwa zinagombania hizo tatu. Ndiyo maana waifai huwa nzuri alfajiri na mbovu saa mbili usiku. Ruta inayotoa pia gigahezi 5 ina nafuu, kwa kuwa huko chaneli ni nyingi na mwendo ni mkubwa zaidi, ila mawimbi hayo hushindwa mapema na ukuta wa mawe. Kwa chumba chenye ruta ni mazuri. Kwa chumba cha nyuma, 2.4 inabaki mkombozi.

Umeme

Kwa miaka mingi Goma iliishi kwa umeme wa mabwawa ya Ruzizi, uliokuwa ukikatika mara kwa mara. Desemba 2015 kituo cha Matebe, Rutshuru, chenye megawati 13 hivi, kilianza kazi, na mwanzoni mwa 2020 kampuni ya Nuru iliwasha Ndosho kituo cha jua cha megawati 1.3. Kartie ambazo hazikuwahi kuwa na taa zilipata taa, na ruta zikafuata taa.

Lakini umeme unaokatika na kurudi ghafla huichosha ruta. Inayozima na kuwaka mara sita kwa siku huanza kila mara upya kutafuta antena na chaneli. Ikiwa taa zake zinapepesa umeme unaposhuka, kosa ni la chakula chake, na betri ndogo itasaidia kuliko ruta mpya. Antena za makampuni nazo huishi kwa umeme, betri na mafuta. Umeme ukikosekana siku nzima na mafuta yakiwa ghali, antena moja ikizima, simu zake zote huhamia ya jirani, na huko mstari unakuwa mrefu.

Amri

Kizuizi cha mwisho hakionekani kwa macho. Januari 2015, wakati wa maandamano kuhusu sheria ya uchaguzi, serikali ya Kinshasa ilikata intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ilikatwa tena, kwa karibu siku 20. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, mji ulikuwa hauna umeme, maji wala intaneti katika sehemu kubwa, na familia zilizotawanyika wakati ule hazikuweza kuulizana nani yuko wapi. Februari iliyofuata kambi za pembezoni, zikiwemo Bulengo na Lushagala, zilikuwa zinavunjwa, na watu wakaondoka kila mmoja kwa njia yake.

Hata njia mpya zinategemea karatasi. Setilaiti za Starlink huzunguka chini zaidi, kama kilomita 550, kwa hiyo ile nusu sekunde ya zamani imetoweka. Lakini Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo ilizipiga marufuku, na leseni ikatolewa mwanzoni mwa Mei 2025. Kizuizi cha aina hii hutambulika kwa sababu kinawagusa wote kwa saa moja, au kinagusa mitandao ya ujumbe tu huku kurasa nyingine zinafunguka. Hakuna ruta inayokitibu.

Pa kuanzia

Historia hii ikisomwa kinyumenyume, inakuwa njia ya kutafuta kosa. Swali la kwanza ni kwa majirani: anayetumia kampuni ileile na anayetumia nyingine. Wote wakilia, kosa liko mbali, na dawa ni subira. Wa kampuni moja wakilia peke yao, kosa ni la kampuni au antena yake, na laini ya pili, ile desturi ya tangu vita, inafaa kutolewa sandukuni. Nyumba moja ikilia peke yake, kosa liko ndani ya uzio.

Ndani ya uzio, kipimo cha hatua mbili kinatenga ukuta na mengine. Baada yake ni kuhesabu wageni wa waifai. Ukurasa wa ruta huonyesha simu zilizounganishwa; zikiwa kumi na saba katika nyumba ya watu tisa, kode imekwisha kutembea avenyu nzima na inafaa ibadilishwe. Zikiwa za wenyeji tu, zitazamwe zinafanya nini, kwa kuwa simu nyingi hupakia picha na kupokea programu mpya bila kuulizwa. Kuzizuia zisifanye hivyo mchana huipa nyumba pumzi.

Katika nyumba zilizopokea familia zilizokimbia, zamu hutatua zaidi ya vyombo. Saa ya kuwaita ndugu wa mbali na saa ya pesa zitengwe. Video na mipira visubiri usiku. Sauti na maandishi hupita mahali ambapo picha zinakwama.

Kisha karatasi ya kifurushi. Makampuni huandika megabiti, simu huhesabu megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Aliyelipia megabiti 8 akiona megabaiti 1 kwa sekunde hajaibiwa. Vifurushi vingine hupunguzwa mwendo kiwango fulani kikiisha, hata kama siku bado zipo. Na vipimo vya mwendo vya mtandaoni hula mega nyingi kwa mara moja. Anayenunua kwa siku apime mara moja tu, si kila robo saa.

Baada ya hapo ruta izimwe dakika moja na kuwashwa, ihamishiwe chaneli isiyo na majirani wengi, ilishwe umeme uliotulia. Ikiwa majirani wanapata, ukuta hauhusiki, wageni wamehesabiwa, kifurushi kipo, na bado inazunguka hatua mbili kutoka ilipo, hapo ruta imestahili lawama. Hapo ndipo dola zitoke mfukoni.